Kobe Mwenye Pembe Aliyedhaniwa Mjusi

Fuvu lilichimbuliwa King's Creek, Queensland, likafika London mikononi mwa Richard Owen, bingwa wa mifupa wa Uingereza. Lilikuwa pana, halina meno, na pembe zimetokeza kila upande. Tayari mwaka 1859 Owen alikuwa amemtangaza mjusi mkubwa wa kale wa Australia, Megalania, kwa kutazama pingili chache za uti wa mgongo. Akaamua kuwa kichwa chake ndicho hiki.

Dhana hiyo ikazaa nyingine. Kutoka kisiwa cha Lord Howe, kilomita 600 hivi mashariki ya Australia, kulikuja mafuvu mengine yenye pembe, madogo zaidi. Mwaka 1886 Owen akayaundia jenasi mpya, Meiolania, akiamini ni ya mjusi, jamaa wa yule wa kwanza.

Mwaka uliofuata Thomas Huxley, hasimu wake wa siku nyingi, akatamka kwamba huyu ni kobe, akampa jina Ceratochelys. Kuhusu mnyama alisema kweli, lakini jina lake halikudumu, kwani katika uainishaji jina lililotangulia ndilo lenye haki. Mwaka 1888 Arthur Smith Woodward akaitatua fujo yote: Megalania ya Owen ilichanganya mifupa ya mjusi, ya kobe na ya mamalia mkubwa mwenye mfuko wa kubebea mtoto. Kobe wa Queensland alingoja mpaka 1992 ndipo Eugene Gaffney akampa jenasi yake, Ninjemys.

Sioni sababu ya kumbeza Owen. Mnyama mwenyewe alikuwa wa ajabu: pembe za Meiolania zilimzuia kuingiza kichwa gambani, na mkia wake ulivikwa pete za mfupa, ncha yake ikiwa rungu. Hata Gaffney, aliyemweka pamoja na kobe wa leo wanaorudisha shingo moja kwa moja ndani, amepingwa: Juliana Sterli wa Argentina na wenzake wanamweka kwenye tawi lililochipuka kabla ya ukoo wa kobe wote walio hai.

Mwaka 2010 ikatangazwa mifupa ya kobe mwingine wa jamii hii kutoka Teouma, kisiwani Efate, Vanuatu, walikoishi watu wa utamaduni wa Lapita miaka 3,000 hivi iliyopita. Mingi ni ya miguu, sehemu yenye nyama. Ya kichwa na mkia ni michache. Watu walimla kobe huyu. Watafiti walimwita damelipi, na kwa uhaba wa mafuvu wakatanguliza alama ya kuuliza mbele ya neno Meiolania.