Usipoziba Ufa: Historia ya Nyumba ya Vioo ya Garfield Park

"Bustani gani, shem? Januari hii?"

Ndivyo alivyoniuliza shemeji yangu anayeishi Chicago, siku nilipomwomba anipeleke Garfield Park. Nje theluji ilikuwa imelala kila mahali na simu yake inasema nyuzi 12 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Tanga. Baridi kali niliyoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba. Lakini nilikuwa nimesoma habari za nyumba hii, na nilitaka kuiona katika msimu ambao mji mzima hauna jani hata moja.

Tulipanda treni kuelekea upande wa magharibi wa jiji. Ukishuka kituoni unaliona paa lake: limevimba, kilima baada ya kilima, vyote vya kioo. Unapita mlango wa kwanza, unapita wa pili, miwani inaingia ukungu. Kabla hujaona kitu unasikia harufu ya udongo mbichi na majani yaliyolowa. Shemeji alivua kofia, akavuta pumzi, akasema taratibu, "Kumbe! Panasikika kama kwetu baada ya mvua."

Kwa wakulima wetu, kitalu nyumba ni banda la nailoni la kupandia nyanya na pilipili hoho. Hii ya Chicago ni ya ukoo mwingine. Ilizaliwa katika karne ya 19, wakati Ulaya ilipopata chuma na kioo kwa bei nafuu. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, na mwaka 1851 Joseph Paxton, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa ukulima wa bustani, akajenga jumba kubwa la vioo katika Hyde Park, London. Baada ya hapo kila mji uliojiona mji ulitaka nyumba yake ya mitende. Ilikuwa fahari, na tusidanganyane, ilikuwa pia fahari ya dola zilizokuwa zikikusanya dunia nzima na kuipanga kwenye vyungu. Mgeni alipita katikati akitazama mmea mmoja mmoja, kama anayekagua bidhaa dukani.

Mtu aliyeivunja desturi hiyo Chicago alikuwa mhamiaji. Jens Jensen alizaliwa Denmark mwaka 1860, katika eneo ambalo Prussia ililiteka yeye akiwa bado mtoto. Alihamia Marekani mwaka 1884, akaanza kazi ya kibarua katika bustani za umma za magharibi ya Chicago. Mwaka 1888 alipanda bustani ndogo ya maua ya porini, yale ambayo wenyeji waliyaita magugu, na watu wakaipenda. Alipanda ngazi hadi kuwa msimamizi wa bustani nzima. Kisha mwaka 1900 akafukuzwa kazi. Kosa lake? Alikataa kushiriki ufisadi wa kisiasa uliokuwa umeota mizizi katika uendeshaji wa bustani hizo.

Miaka mitano baadaye utawala ulibadilika, wakamrudisha, safari hii akiwa msimamizi mkuu wa bustani zote za upande wa magharibi. Alikuta nyumba tatu ndogo za vioo, katika bustani tatu tofauti, zote zimechakaa. Badala ya kuzipiga viraka akazibomoa, akajenga moja kubwa. Ilifunguliwa mwaka 1908. Paa lake hakulichukua kwenye majumba ya wafalme. Alilipa umbo la marundo ya majani makavu yaliyokuwa yakionekana kwenye mashamba ya Marekani ya kati. Mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka shamba angelitazama na kulitambua.

Ndani alifanya jambo kubwa zaidi. Vyungu aliviondoa, akapanda mimea ardhini, akaipanga kwa namna ya mahali. Chumba cha makangaga ndicho moyo wa nyumba. Unashuka, kwa sababu sakafu yake iko chini ya mlango, na mbele yako kuna kidimbwi, mawe yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, makangaga ya kila aina, na maji yanayodondoka. Jensen alitaka kuonyesha jinsi Illinois ilivyokuwa mamilioni ya miaka iliyopita, ilipokuwa kinamasi cha joto. Wageni wa mwanzo waliamini kwamba kidimbwi kilikuwepo tangu asili, na nyumba imejengwa juu yake tu!

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu maporomoko yale. Fundi aliyeyajenga aliyafanya yaanguke kwa kishindo, kama mto wa milimani. Jensen akamwambia abomoe. Akajenga tena, akaambiwa tena abomoe. Mwishowe Jensen akamshauri aende kusikiliza "Spring Song" ya Mendelssohn. Fundi akaenda, akarudi, na safari hii maji yakashuka tone kwa tone. Nilisimama pale kitambo. Katika nchi tambarare kama ile, maji hayana papara.

Lakini shemeji alikuwa na swali, na lilikuwa swali la haki. Tukiwa njiani tulikuwa tumeona viwanja vitupu na nyumba zilizozibwa madirisha kwa mbao. "Shem, hela zote hizi za kupasha joto majani, na watu hapo nje?"

Jensen angemjibu kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili ya hao hao watu wa nje. Mwaka 1908 upande wa magharibi ulikuwa wa wafanyakazi, wengi wao wahamiaji, ambao hawakuwa na uwezo wa kwenda kupumzika mashambani, seuze nchi za joto. Matajiri walisafiri; maskini waliletewa. Jibu hilo ni zuri, ila halimalizi swali. Nyumba ya vioo haijengwi mara moja ikaisha. Inajengwa kila usiku wa baridi, na yule anayehakikisha moto hauzimiki.

Na kuna miaka ambayo hakuna aliyehakikisha. Viwanda viliondoka upande wa magharibi. Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, ghasia na moto viliteketeza mitaa ya biashara, na sehemu kubwa haikujengwa tena. Wakazi walipungua, na wengi waliobaki walikuwa Weusi ambao jiji lilikuwa limewapa kisogo. Nyumba ya vioo ikapewa kisogo pamoja nao. Bomba likivuja, likaachwa. Fremu ikiingia kutu, ikapakwa rangi juu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui kama kuna jengo duniani ambalo methali hii inalihusu kuliko hili. Januari 1994, katika baridi kali, mfumo wa joto ukashindwa, na mimea mingi ya nchi za joto ikafa.

Hasara hiyo ndiyo iliyowaamsha watu. Mamlaka ya bustani za jiji ikaanza ukarabati wa mamilioni ya dola, na katika miaka hiyo ya 1990 ikaundwa jumuiya ya marafiki wa nyumba hiyo, kuendesha masomo, kupokea watoto wa shule na kuwarudisha majirani ndani. Mwaka 2001 msanii wa vioo Dale Chihuly aliweka kazi zake katikati ya mimea, na nusu milioni ya watu wakaja mtaa ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga. Mwaka huo huo kikafunguliwa kituo cha treni mbele ya mlango.

Halafu, tarehe 30 Juni 2011, mbingu zikafunguka. Mvua ya mawe ilipiga kwa dakika chache tu, na karibu nusu ya vioo vya paa vikaanguka. Chumba cha makangaga kilikuwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Hebu fikiria kazi ya kuokota vipande vya kioo kutoka kwenye makangaga, jani kwa jani, bila kukata mmea na bila kujikata. Watu walichanga fedha kulipia kioo kimoja kimoja, na matengenezo yakakamilika mwaka 2015. Mwaka 1994 nyumba iliumia kwa sababu haikuwa na watu. Mwaka 2011 iliumia vibaya zaidi, ikapona, kwa sababu sasa ilikuwa nao.

Katika chumba cha mimea ya jangwani nilikutana na jamaa zangu. Zile koo za mkonge, majani yamesimama kama mikuki, kila ncha ina mwiba. Kwetu Tanga nilikua nikiamini mkonge ni wa kwetu tangu Adamu. Kumbe asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeagiza miche elfu moja mwaka 1893, na iliyofika hai ni 62. Mashamba yote yale, na jasho lote la manamba waliotoka Songea na Kigoma kuja kuyakata, yalianzia kwenye miche 62. Nilimweleza shemeji. Akaucheka ule mkonge wa kwenye kioo: "Basi na wewe ni mhamiaji, mzee. Karibu Chicago."

Tulimaliza kwenye chumba cha mitende. Mama mmoja wa makamo, mwenye sare ya kazi ndani ya koti, alikuwa amekaa kwenye benchi na amevua viatu. Hakuwa anatazama mimea. Alikuwa amefumba macho tu. Hakuna aliyemdai kuonyesha kwamba anapendezwa na botania. Shemeji alimtazama, akakaa benchi la pili, naye akafungua zipu ya koti lake. Lile swali lake la hela hakulirudia, wala sisemi kwamba limejibiwa. Viwanja vitupu bado viko kule nje.

Ukifika Chicago, usiende kuiona nyumba hii wakati wa kiangazi, wakati kila bustani ni ya kijani. Nenda Januari. Weka kiganja kwenye kioo usikie baridi inavyosukuma kutoka nje, kisha geuka usikilize maji ya Jensen. Kati ya hivyo viwili pana unene wa kioo tu, na mtu mahali fulani anayelinda moto.