Mlango wa Chumba cha Mfalme

Gemu ya kwanza ya Dragon Quest inaanza kwa kukufungia. Uko kwenye chumba cha mfalme, mlango umefungwa, kando kuna masanduku, na katika moja kuna ufunguo. Huendi kuokoa ulimwengu wowote mpaka ujue kufungua sanduku, kufungua mlango na kushuka ngazi. Ilitoka Japani tarehe 27 Mei 1986. Ukiniuliza gemu za Kijapani na za Kimagharibi ziliagana wapi, nitakupeleka kwa huo mlango.

Nasema ziliagana kwa sababu mama yao ni mmoja. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu ambapo unajitungia mhusika halafu unaishi ndani yake. Vijana wa vyuo wakauhamishia kwenye kompyuta. Mwaka 1981 ikatoka Ultima ya Richard Garriott, na mwaka huo huo Wizardry ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliokuwa wanafunzi wa Cornell.

Wizardry ilikuwa katili, tuseme tu ukweli. Unaunda kikosi cha watu sita, unawapa majina, unashuka nao shimoni lenye ghorofa 10 zilizochorwa kwa mistari mitupu. Mmoja akifa unampeleka hekaluni afufuliwe. Ufufuo ukifeli anageuka majivu. Ukifeli tena, ameenda kabisa, yeye na wiki zako zote. Na watu walipenda hivyo! Kifo kilikuwa cha dadu. Hakuna aliyekipanga.

Yuji Horii alikutana nayo 1983, alipoenda San Francisco kwa maonyesho ya kompyuta za Apple. Horii alikuwa mwandishi, ameandikia jarida la katuni la Shonen Jump, na alitoka huko amenaswa. Shida ni kwamba watoto wa Japani walikuwa na Famicom, konsoli ya Nintendo, si kompyuta. Padi yake ina kitufe cha msalaba na vibonye viwili vikuu. Kibodi huna. Kaseti ya Dragon Quest ilibeba kilobaiti 64, yaani picha moja tu unayotumiwa leo kwa WhatsApp inaweza kuizidi. Hata herufi za katakana hazikutoshea zote, ikabidi wachague chache na watunge maneno kwa hizo.

Hapo huwezi kumpa mchezaji uhuru mwingi hata ukitaka. Horii akampa hadithi. Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball, akachora, Koichi Sugiyama akatunga muziki. Ukishindwa vita unaamka mbele ya mfalme, nusu ya pesa imeenda lakini uzoefu wako wote upo. Ukimkomboa binti mfalme akuombe umrudishe nyumbani, ukijibu hapana anakuuliza tena. Na tena. Mpaka ukubali. Wamagharibi wamecheka hicho kitanzi miaka mingi, lakini wanasahau kwamba mwishoni adui mkuu anakupa nusu ya ulimwengu mshirikiane, na ukisema ndiyo, gemu imeisha hapo hapo. Chaguo lilikuwepo. Lilikuwa moja tu.

Japani ililipuka. Dragon Quest III ilipotoka 10 Februari 1988, siku ya Jumatano, mamia ya wanafunzi walikamatwa wakiwa kwenye foleni badala ya darasani. (Ile stori kwamba bunge lilipitisha sheria gemu hizo zisiuzwe siku ya shule ni uongo mtamu. Hakuna sheria hiyo.)

Huku Marekani, kompyuta yenye kibodi na diski iliendelea kupanua lile shimo. Ultima IV ya 1985 haikuwa hata na adui wa mwisho. Inaanza na mpiga ramli anayekuuliza maswali ya maadili, majibu yako yanaamua wewe ni nani. Ukifuata njia hiyo utafika Baldur's Gate, 1998, kisha Morrowind, 2002, kisha Skyrim, 2011, ambapo majoka yanachoma miji na wewe uko kichakani unashika vipepeo. Hakuna atakayekuuliza.

Mimi nilikuwa mtu wa Skyrim. Nilicheza kwa kompyuta ya binamu yangu na nilidharau wale wa upande wa pili: kwani unacheza ama unatazama sinema? Halafu mwaka wa tatu nikaacha chuo. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, si yote. Asubuhi yangu ikawa kama ile ramani, kila upande uko wazi, na enyewe nikifungua Skyrim nilisimama barabarani nusu saa bila kwenda popote. Nikaizima. Nikaweka Final Fantasy VII kwa simu.

Hiyo ni ya 1997, ya kampuni ya Square. Unapewa kijana anaitwa Cloud, mwenye jina lake, upanga wake na uongo wake, na njia imeshachorwa. Unamlea Aerith masaa mengi, unamnunulia silaha, unamfunza, halafu anauawa mbele yako. Wachezaji wa wakati huo walieneza tetesi za siri ya kumfufua. Haikuwepo. Hiki kifo mtu alikipanga, akakiandika, akajua utalia. Sijui nieleze vipi, lakini nilihitaji mtu awe amepanga.

Baadaye nikasoma kwamba Hironobu Sakaguchi, baba wa Final Fantasy, aliacha Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Yokohama, na Garriott naye aliacha Chuo Kikuu cha Texas. Nikamsomea mama kwa furaha. Akaendelea kuchambua sukuma. "Na wewe umetengeneza gemu gani?"

Wale wanaosema Wajapani wanapenda kuongozwa na Wazungu wanapenda uhuru wana kazi ya kuelezea mambo. Kampuni iliyoleta Wizardry ilifunga, lakini Japani bado inatengeneza Wizardry mpya. Dark Souls, katili kama babu yake, ni ya Tokyo. Baldur's Gate 3 ya Wabelgiji, 2023, inapiganwa kwa zamu, ule mtindo uliokuwa unaitwa wa kizamani na wa Kijapani. Clair Obscur, 2025, ni ya Wafaransa waliokulia kwa Final Fantasy. Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI, alisema 2023 kwamba jina JRPG lilipoanza kutumika, yeye na wenzake walilisikia kama ubaguzi. Namwelewa.

Mwezi uliopita nilirudi kwa Skyrim. Mhusika wangu bado alikuwa amesimama pale barabarani, mvua inanyesha. Nikamgeuza kushoto, kwa sababu kulikuwa na daraja.