Jiwe Gani Linafaa Nyumba ya Mombasa?

Nyumba za kale za Mombasa hazikujengewa meko ya ukutani ya kuota moto, kwa kuwa joto la pwani halikuyahitaji, na katika nyumba za ghorofa jiko liliwekwa mara nyingi juu kabisa ili moshi utoke bila kupita vyumbani. Sifa ya mwashi ilionekana kwingine: katika fremu za milango, katika mihirabu ya misikiti, na katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo.

Waashi hao walitofautisha aina mbili za matumbawe. Tumbawe la bahari, lililokatwa likiwa hai, huwa laini linapokuwa bichi, hukubali nakshi nyembamba, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndiyo maana liliachiwa mihirabu na fremu. Tumbawe la nchi kavu ni mwamba wenyewe wa kisiwa, masalia ya miamba ya bahari ya kale, na kwa kuwa ni gumu na lenye ncha lilivunjwa vipande vya kujengea kuta nene. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo na sehemu yake imechongwa ndani yake.

Vipande hivyo viliunganishwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kuyazimua kwa maji na kuyaacha kwa miezi kadhaa. Chokaa hupitisha unyevu, na hapa ndipo penye kosa kubwa la ukarabati wa leo. Saruji, ambayo kiwanda cha Bamburi kilianza kuizalisha mwaka 1954, tena kwa kusaga matumbawe hayo hayo ya kale, huziba ukuta. Maji ya chumvi hubaki ndani, lipu hubanduka, na ncha za boriti za mikoko huoza mahali zinapoingia ukutani.

Katika mtaa wa Buxton, Mombasa, ambako nyumba za zama za ukoloni zilibomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa ya zege, hali ni nyingine, kwa kuwa huko jiwe halibebi tena nyumba bali huvalishwa ukuta kama pambo. Anayelitaka pambo hilo achague jiwe la machimbo, maana tumbawe hai ni makazi ya samaki. Na mwenye nyumba Mji wa Kale, kabla ya kununua mfuko wa saruji, amtafute kwanza fundi anayeijua chokaa.