Santuri ya Bearsville: Muddy Waters Mwaka 1975

Bluzi, yaani nyimbo za Wamarekani Weusi zilizochipuka katika mashamba ya kusini mwa Marekani, husimuliwa zaidi kupitia santuri chache mashuhuri, na kwa sababu hiyo kazi nzuri zilizotoka wakati mbaya husahaulika. Mojawapo ni The Muddy Waters Woodstock Album ya mwaka 1975.

McKinley Morganfield, aliyejulikana kama Muddy Waters, alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1941 katika shamba la Stovall, Mississippi, alikokuwa kibarua. Miaka miwili baadaye alihamia Chicago, ambako gitaa lake la umeme liliijengea jina kampuni ya Chess. Hata hivyo, kufikia mwaka 1975 kampuni hiyo, iliyokwisha kuuzwa kwa wamiliki wengine, ilikuwa ukingoni mwa kusambaratika, na mwimbaji mwenyewe alikuwa amenusurika katika ajali mbaya ya gari ya mwaka 1969.

Februari 1975 alikwenda Bearsville, karibu na Woodstock, jimbo la New York, kurekodi santuri iliyotayarishwa na Henry Glover pamoja na Levon Helm, mpiga ngoma wa kundi la The Band. Paul Butterfield alipiga harmonika, Pinetop Perkins piano, na Garth Hudson akodiani, ala ya mivukuto ambayo wapenzi wa taarabu wanaifahamu vyema. Miongoni mwa nyimbo zilizochaguliwa zilikuwamo mbili zilizovumishwa na Louis Jordan katika miaka ya 1940, ambazo ni za kuchangamsha ukumbi, wala si za majonzi. Akodiani inapotandaza sauti yake ndefu mahali ambapo msikilizaji angetarajia gitaa likwaruze, sauti nzito ya mzee hupata nafasi ya kutulia na hata ya kufanya mzaha.

Santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy, lakini ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Muddy Waters chini ya Chess, na mwaka 1977 ikafunikwa na kishindo cha Hard Again, iliyotayarishwa na Johnny Winter na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa kuinuka kwake upya. Hesabu hiyo inaruka hatua moja, kwani Novemba 1976, kabla ya Hard Again kutoka, The Band walikuwa wamekwisha kumpandisha jukwaani katika tamasha lao la kuaga, na aliyempigia harmonika usiku huo alikuwa Butterfield yuleyule wa Bearsville.