Yai la Bata Lisilo na Ganda: Kumbe Mama Bata Analipa Deni kwa Mifupa Yake

Wanaofuga bata nyumbani wanaijua hii. Asubuhi unafungua banda, unakuta yai, unaligusa linabonyea kama puto la maji. Ganda hakuna, kuna ngozi nyembamba tu. Wengi wanalitupa na maisha yanaendelea.

Sasa hapo ndipo kwenye tatizo. Yai lile ni taarifa kuhusu mwili wa bata aliyelitaga, na watu walitumia zaidi ya miaka 100 kujifunza kuisoma. Stori yenyewe inaanzia mbali kidogo, na inaanza na kuku.

Kuku wa Paris aliyegoma kuingia kwenye hesabu

Mwaka 1799, mkemia mmoja Mfaransa alitangaza matokeo ya jaribio lililowaacha watu midomo wazi. Alimlisha kuku nafaka ya aina moja tu, akapima chokaa iliyomo kwenye nafaka hiyo, kisha akapima chokaa iliyotoka kwenye maganda ya mayai na kinyesi. Iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia! Akahitimisha kwamba kuku anaitengeneza mwenyewe tumboni.

Mwaka 1808 mkemia mwingine, huyu wa London, akafanikiwa kuitenga metali iliyomo ndani ya chokaa. Ndiyo kalsiamu. Hiyo ni elementi, na hakuna kiumbe anayeweza kuitengeneza mwilini. Ni lazima iingie kwa mdomo. Sasa ile ya ziada ya kuku wa Paris ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mifupa yake. Mwaka 1934 watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza njiwa walieleza jinsi mifupa ya jike inavyojaa tishu mpya ya mfupa anapokaribia kutaga. Hiyo ni akiba. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye matumbawe na maganda ya chaza. Yai moja tu la kuku linabeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na la bata kwa kawaida ni kubwa zaidi. Ganda linachukua kama saa 20 kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi inafanyika usiku, ndege akiwa hali chochote. Kwa hiyo usiku mwili unachota kwenye akiba, mchana chakula kinatakiwa kurudisha. Kisiporudisha, deni linakua. Mwisho ganda linakuwa jembamba, kisha linakosekana kabisa, na mama mwenyewe anaanza kuchechemea.

Miaka ya 1920: kuku waliofungiwa ndani

Wafugaji wa Marekani walitaka kuku watage hata wakati wa baridi kali, wakawafungia ndani. Vifaranga wakaanza kulegea miguu na kufa, ingawa walikuwa wanalishwa. Watafiti wa chuo kikuu kimoja huko Wisconsin wakaonyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yanawaokoa, na jua nalo linawaokoa. Ila jua lililopitia kwenye kioo cha dirisha halikusaidia, kwa sababu kioo kinazuia ile miale isiyoonekana, urujuanimno. Mwaka 1924 mmoja wao akaonyesha kwamba hata chakula chenyewe kikipigwa miale hiyo kinapata nguvu ile ile ya kuponya.

Siri ilikuwa vitamini D. Bila hiyo, kalsiamu inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Baadaye ikajulikana pia kwamba ndege wanaitumia vizuri ile aina inayoitwa D3, ile ya kwenye mimea haiwasaidii sana.

Bata wanaingia mahakamani

Miaka ya 1960 ikaja kesi nyingine. Huko Uingereza, ndege aina ya kozi walikuwa wanavunja mayai yao wenyewe kwa kuyaatamia tu. Mwaka 1967 mtafiti mmoja alilinganisha maganda mapya na ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye makusanyo, akakuta yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kutumika sana.

Ushahidi wa maabara ukatolewa na bata. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba bata aina ya mallard, ndiye babu wa mwituni wa bata wengi wa kufugwa, waliolishwa mabaki ya DDT walitaga mayai yenye maganda membamba yanayopasuka. Kuku wao walionekana kuihimili sumu hiyo vizuri zaidi. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi mengi ya DDT. Somo likabaki: kalsiamu inaweza kuwepo kwenye chakula na bado isifike kwenye ganda.

Sasa bata wa uani afanyiwe nini?

Majibu yanatoka moja kwa moja kwenye historia hiyo. Bata anayeshinda na mkate, ugali na makombo ya wali yuko kwenye hali ya kuku wa Paris: kila yai linakata mifupa. Anayetaga anahitaji chakula cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu ya kama asilimia 3 hadi 4. Pembeni awekewe maganda ya chaza yaliyopondwa, kwenye chombo chake peke yake, ale anavyotaka. Maganda ya mayai yaliyookwa na kupondwa nayo yanafaa. Yasichanganywe kwenye chakula cha wote, maana kalsiamu nyingi inaharibu figo za vifaranga na madume. Mchicha mwingi nao si msaada, una oksaleti inayoifunga kalsiamu isifyonzwe.

Anayeishi ndani ya nyumba au kwenye baraza la ghorofani anahitaji jua lenyewe, lisilopita kwenye kioo, au chakula chenye D3. Dawa za wadudu zikae mbali na anapochakura. Joto kali nalo lina lake: ndege anayehema sana anapoteza hewa ya kaboni dayoksaidi, na ganda linakuwa jembamba, kwa hiyo kivuli na maji ni sehemu ya tiba.

Yai laini moja kutoka kwa bata mchanga anayeanza kutaga si la kuogopesha. Yakifuatana, hiyo ni dharura inayokuja. Njia mojawapo ya kumpumzisha ni kupunguza saa za mwanga, taa ya usiku izimwe, ili aache kutaga na akiba ijae tena.

Kuna dalili zisizosubiri kesho: bata amekaa hataki kuinuka, mkia umeshuka, anasukuma na hakuna kinachotoka, hali chakula. Hapo yai limekwama, na mara nyingi ni kwa sababu misuli pia inahitaji kalsiamu ili ikaze. Asiminywe tumbo, yai laini likipasukia ndani linaweza kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ambaye anaweza kumchoma sindano ya kalsiamu. Bata aliyewahiwa mara nyingi anasimama tena.

Je, bata wako anakula nini, na ganda la yai lake la leo asubuhi lilikuwaje?