Tabaka la Chini: Jermaniamu ya Kipushi na Historia ya Seli za Jua

Historia ya seli za jua husimuliwa kwa kutaja maabara za Marekani na Ulaya. Hata hivyo, sura yake moja ina mzizi katika ardhi ya Katanga.

Mnamo mwaka 1954 wataalamu wa maabara za Bell walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Mwaka 1961 Shockley na Queisser walieleza kwamba nusu-kipitishi cha aina moja kina mpaka wake, unaokadiriwa leo kuwa theluthi moja hivi kwa mwanga wa kawaida. Sababu ni kwamba mwanga wa jua ni mchanganyiko. Miale dhaifu hupita bila kuzaa umeme, na miale mikali hupoteza ziada yake kwa joto.

Suluhisho likawa kugawanya kazi kwa matabaka. Tabaka la juu, la galiamu, indiamu na fosforasi, hunasa miale mikali; la kati, la galiamu na aseniki, hunasa inayofuata; la chini, la jermaniamu, hupokea iliyosalia. Tena jermaniamu ndiyo msingi wa yote: atomi zake zimepangana kwa umbali unaokaribiana sana na ule wa tabaka la kati, hivyo matabaka ya juu huoteshwa juu yake bila kasoro nyingi. Kwa kuwa malighafi hizo ni ghali, seli hufanywa ndogo, na lenzi huikusanyia mwanga wa eneo pana. Mwaka 2006 kampuni ya Spectrolab ya California ilifikia asilimia 40.7, kwa mwanga uliozidishwa mara 240 hivi.

Sasa jermaniamu yenyewe. Madini ya Kipushi, yakiwemo renieriti, yalikuwa na utajiri wake usio wa kawaida. Katika miaka ya 1950 Union Minière iliitoa huko, na ikasafishwa Olen, Ubelgiji, wakati transista zilipoihitaji. Sehemu nyingine ilibaki katika mabaki ya tanuri la Lubumbashi, ikarundikwa katika kilima cheusi kinachoonekana na kila mkazi wa mji.

Ni kweli kwamba silikoni iliyoshuka bei imezipunguzia seli za lenzi soko lake, na kwamba rekodi ya mwaka 2022, asilimia 47.6, ilipatikana Ujerumani kwa seli ya matabaka manne isiyotumia tabaka la jermaniamu. Lakini setilaiti nyingi bado hutumia seli zenye msingi huo. Mwaka 2024 jermaniamu ya kilima hicho ilianza kusafirishwa kwenda Ubelgiji, kwa Umicore, mrithi wa Union Minière.

Hivyo njia ya zamani imefunguliwa upya: madini huondoka Katanga yakiwa ghafi, na elimu ya kuyageuza kuwa seli hubaki ng'ambo. Kilima kimeweka akiba kwa miongo mingi. Vyuo vyetu havijaweka bado.