Gharama Zimeandikwa Kwenye Jalada

Nikimwambia mtu hapa Kakuma kwamba napenda indi roki, huwa anauliza kama hilo ni kanisa jipya. Simlaumu. Jioni ukipita kati ya mabloku unasikia seben ya Kongo upande huu, Bongo Fleva upande ule, wimbo wa Kisomali dukani, na kwaya mbili zinazoshindana na jenereta. Gitaa linalolia kama bati linaloburuzwa, hilo linatoka kwangu tu. Mama jirani ameshanishauri nipeleke simu kwa fundi.

Aliyeniambukiza ni binamu yangu. Alipata safari ya Marekani, akapelekwa Minnesota, baridi ikamfungia ndani, akaanza kusikiliza bendi za huko na kunitumia nyimbo. Mwanzoni nilizipenda kwa sababu zilikuwa zimerekodiwa vibaya. Kweli kabisa. Sauti ya mwimbaji inazama, ngoma zinatangulia, mtu anacheka katikati. Nikawa najiuliza: hawa watu wa nchi yenye kila kitu, kwa nini nyimbo zao zinasikika kama zimerekodiwa kwenye bloku letu? Ndipo nikaanza kutafuta historia yake, kidogo kidogo, bando kwa bando.

Indi ni neno la Kiingereza lililokatwa. Likiwa zima maana yake ni kujitegemea. Leo watu wengi wanadhani ni aina ya sauti, yaani gitaa jembamba na kijana mwenye huzuni. Lakini mwanzoni swali halikuwa sauti. Swali lilikuwa nani amelipa na nani anamiliki. Waingereza walipoanza kuchapisha orodha ya santuri za indi zinazouzwa zaidi, Januari 1980, kigezo kilikuwa njia ya usambazaji. Santuri ikipita nje ya makampuni makubwa, inaingia kwenye orodha, hata kama haina gitaa ndani.

Miaka mitatu kabla ya hapo, vijana wa Manchester waliojiita Buzzcocks walikopa paundi 500 kwa marafiki na ndugu. Baba yake Pete Shelley, mpiga gitaa wao, alikuwa mmoja wa waliotoa. Wakaingia studio tarehe 28 Desemba 1976, wakarekodi nyimbo nne siku hiyo hiyo, wakatoka. Santuri yao, Spiral Scratch, ikatoka Januari 1977 kwa lebo waliyoiunda wenyewe. Walianza na nakala 1,000, na hesabu ikafika kama 16,000. Picha ya jalada ilipigwa kwa kamera ya Polaroid, ile inayotema picha papo hapo. Na nyuma ya jalada waliandika kila wimbo ni jaribio la ngapi. Hebu fikiria mwanamuziki wa Kinshasa akikuandikia kwamba wimbo huu tuliupata mara ya tatu! Siri ya studio ikawekwa nje kama nguo kwenye kamba.

Mwaka 1978 kundi lingine, Scritti Politti, vijana waliokuwa wakiishi London kwenye nyumba waliyoingia bila kulipa kodi, walikwenda mbali zaidi. Kwenye jalada la santuri yao ya kwanza walichapisha gharama. Studio kiasi gani, kuchapa santuri kiasi gani, karatasi za lebo kiasi gani, na mahali pa kwenda kuvipata vitu hivyo. Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini. Nimekaa kambini miaka mingi, nimeona vibao vingi vya miradi vyenye majina ya wafadhili, lakini kibao kilichoandikwa shimo hili la choo limegharimu shilingi ngapi bado sijakiona. Wale vijana waliona kwamba anayejua bei anaweza kufanya mwenyewe. Asiyeijua atabaki kuomba.

Marekani nako moto ulikuwa umewaka. Washington, mwaka 1980, vijana waliotoka tu sekondari walikuwa na bendi inayoitwa Teen Idles, ambayo ilikuwa inavunjika. Ndani ya sanduku la bendi mlikuwa na kama dola 600 za maonyesho. Badala ya kugawana, walichapisha santuri ya kumbukumbu, na majalada wakayakata, kuyakunja na kuyagundisha kwa mikono. Ndiyo asili ya Dischord, lebo ambayo haijauzwa kwa kampuni kubwa mpaka leo. Mmoja wao, Ian MacKaye, baadaye alikuwa na bendi ya Fugazi, iliyojulikana kwa kushikilia kiingilio cha dola tano na kutomzuia mtu mlangoni kwa sababu ya umri.

Msije mkasema hizi ni akili za Wazungu. Sisi tuliokulia Kongo tunalijua jina la Verckys, mpiga saksafoni aliyeondoka OK Jazz ya Franco mwaka 1969, akaunda bendi yake ya Vévé na lebo yake ya Vévé. Naye alikuwa amechoka kupigia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Tofauti ni kwamba Verckys alitaka kuwa tajiri, na akawa, na mimi sioni ubaya wowote. Na hapa Kakuma, tangu 2008 wakimbizi wana KANERE, gazeti lao wenyewe. Vijarida vya mashabiki vilivyouzwa London katika duka la Rough Trade, vilivyonakiliwa kwa mashine na kubanwa pini, ni ndugu wa kijarida hiki unachoshika sasa.

Lakini kinachoniweka macho usiku ni video.

MTV ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na baada ya hapo wimbo usio na picha ukawa kama mtu asiye na kadi ya mgao. Yupo, lakini hahesabiwi. Video zikataka moshi, magari, nywele. Bendi ndogo zitoe wapi? The Replacements wa Minneapolis, bendi ambayo binamu yangu ananisumbua nayo kuliko zote, waliwahi kutoa wimbo wa kuzikejeli video hizo mwaka 1984. Mwaka uliofuata walikuwa wamesaini na Sire, lebo iliyo chini ya Warner, na sasa video ikawa lazima. Wakatoa ya wimbo wa Bastards of Young. Sasa sikiliza ilivyo. Picha nyeusi na nyeupe. Spika. Spika tu, wimbo unapigwa, na utando wa spika unatetemeka. Kamera inarudi nyuma polepole, mtu anakuja kukaa kwenye kochi, sura yake huioni sawasawa, anavuta sigara anasikiliza. Wimbo unapoisha anainuka, anaipiga spika teke, anaondoka. Basi.

Niliionyesha kwenye kibanda cha kuchajia simu. Watoto walisubiri mtu aanze kucheza, wakachoka. Mmoja akasema, "Hiyo spika ni kama ya pasta." Wenzake wakacheka, lakini mimi niliona huyo mtoto ameielewa video kuliko waandishi wengi. Hapa kwetu maisha yanatoka kwenye spika. Mgao umebadilika, spika. Kuna msiba, spika. Chanjo ya watoto, gari linapita na spika juu. Anayesema humwoni, wewe unaitazama spika na kusubiri ikuambie wiki yako itakuwaje. Na mara ngapi umetamani kuipiga teke?

Siwasifu kwa kila kitu. Walikuwa na sifa ya kupanda jukwaani wamelewa, na ukaidi wao mwingine uliwaumiza wenyewe tu. Lakini ile video naiheshimu. Waliombwa sura zao, wakatoa sauti yao.

Miaka ishirini baadaye kukawa na YouTube, na watu wakasema shida imekwisha, kila mtu ana televisheni yake. OK Go, bendi iliyoanzia Chicago, ilikuwa mfano wa furaha hiyo. Mwaka 2006 wanaume wanne walicheza juu ya mashine nane za kukimbilia, zile za mazoezi, nyumbani kwa Trish Sie, dada yake mwimbaji, na dada huyo ndiye aliyeongoza. Kamera imesimama mahali pamoja, hakuna kukata picha hata mara moja. Walijaribu mara 17 mpaka ikakamilika. Dunia nzima ikaitazama, na mwaka 2007 ikawapa tuzo ya Grammy. Mimi naipenda kwa sababu unaona woga wao. Mtu akikosea hatua moja, ataanguka, na wote wanaanza upya.

Ila bendi ilikuwa ya EMI. Mwaka 2010 walipotoa video nyingine, kampuni ilikuwa imezuia video zao zisibandikwe kwenye kurasa za watu wengine, kwa sababu ilipata malipo pale tu mtu alipotazama ndani ya YouTube yenyewe. Watu walewale waliowasambaza bure wakafungiwa mlango. Mwimbaji, Damian Kulash, akalalamika hadharani, na mwaka huohuo bendi ikaondoka EMI, ikaanzisha lebo yake, Paracadute. Kwa hiyo kamera rahisi haikumaliza swali. Unaweza kuipiga video nyumbani kwa dada yako, na bado ufunguo ukawa mfukoni mwa mtu mwingine.

Hapo ndipo historia hii inanigusa. Kundi letu lina watu saba, gitaa mbili na ngoma. Wakati wa korona shirika moja lilitutaka tuimbe wimbo wa kunawa mikono. Tukatunga beti tatu. Walikuja na kamera nzuri, wakatupa fulana na soda, na fomu ya Kiingereza ya kurasa mbili wakati gari linasubiri. Miezi ikapita. Siku moja binamu yangu akanitumia video kutoka Minnesota: sisi hao, tumependeza. Majina yetu hayamo. Na ubeti wa pili, ule unaosema mikono iko tayari lakini bomba limekauka tangu asubuhi, umekatwa. Wimbo unaruka kutoka sabuni hadi shukrani. Tulipoomba nakala tuliambiwa video ni mali ya makao makuu.

Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa, na najua mnasoma, wengine mnakinunua kijarida hiki kabla yetu, sisemi kwamba mtu alikaa akapanga kutuibia. Pengine aliyekata alifikiria dakika, hakufikiria bomba. Lakini ubeti ule mimi niliutungia kwenye foleni ya maji, na mama aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyenipa neno la mwisho. Mkija tena, na nasikia kuna kampeni nyingine mwezi ujao, fomu iwe kwa Kiswahili na isomwe siku moja kabla. Nakala ibaki kwetu siku hiyohiyo, memori kadi tunazo. Na mkitaka kukata, mtuite tukate pamoja. Katika kundi letu wawili wanasema tukubali vyovyote, soda ni soda, na wana watoto. Siwezi kuwacheka. Wanne wanasema hapana. Mimi nasema nitasaini nikishausoma ule ukurasa wa pili.

Wakati huo huo tumeurekodi wimbo upya, wenyewe, na beti zote tatu zimo. Video ni spika moja juu ya kiti, nyuma yake foleni ya madumu ya njano. Simu tuliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye nguzo isitikisike. Tulirudia mara tisa. Mara ya nne mbuzi alipita, mara ya saba upepo uliangusha dumu, na hiyo ya saba wengine bado wanasema ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi.

Kukodi spika saa mbili, shilingi 300. Memori kadi 450. Kuchaji simu mbili 40. Mandazi ya watoto walioshika madumu 120. Bando ya kuipandisha 100. Jumla 1,010. Mwenye spika tumemlipa nusu, bado anatudai 150.